Lenga Maji, Usilenge Meli

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, na likizo hii amehamia kwangu yeye na kompyuta yake. Jioni moja nilimkuta ameinamia kioo, uso umekunjamana, yumo ndani ya mchezo uitwao Silent Hunter III. Mchezo huu ulitolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2005, na humkalisha mchezaji kwenye nafasi ya nahodha wa nyambizi ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwenye periskopu, darubini ya kuchungulia juu ya maji, ilionekana meli ya mizigo ikikatiza kutoka kulia kwenda kushoto, bomba lake likifuka moshi. Akauweka mstari wa katikati ya kioo juu ya bomba lile, akafyatua torpedo. Tukasubiri dakika nzima. Meli ikaendelea na safari zake, haina habari.

"Mjomba, imepita nyuma tena," alisema. "Na nimelenga katikati kabisa!"

"Ndiyo maana imepita nyuma," nikamjibu.

Tukazima mchezo, tukafungua mkebe wake wa hesabu, tukakaa mezani. Yale tuliyoyafanya usiku ule kwa rula na kipimapembe ndiyo ninayotaka tuyafanye hapa pamoja, hatua kwa hatua. Tutaanza na jambo linaloonekana dogo mno: torpedo huchukua muda kufika.

Dakika moja ndani ya maji

Torpedo ya vita vile ilikuwa silinda ya chuma yenye urefu wa mita 7 hivi na kipenyo cha milimita 533. Ilikuwa na mota yake, rafadha zake, usukani wake, na kichwa chenye baruti ya kilo 280 hivi. Ndani yake mlikuwa na jairoskopu, gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi kubwa kiasi kwamba hukataa kuyumbishwa. Torpedo ikianza kupotoka, jairoskopu huuamuru usukani uirudishe njiani. Kwa miaka mingi ya vita torpedo haikuwa na jicho wala sikio. Ikishatoka kwenye neli hushika njia iliyonyooka, meli iwepo isiwepo.

Sasa tuhesabu. Mwendo baharini hupimwa kwa noti, na noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa, yaani mita 1,852. Ukigawanya kwa dakika 60 utapata kwamba noti 1 ni karibu mita 31 kwa dakika. Torpedo ya umeme ya Wajerumani, iliyoitwa G7e, ilikwenda noti 30, yaani mita 926 kwa dakika. Meli ya mpwa wangu ilikuwa ikienda noti 10, yaani mita 309 kwa dakika, na njia yake ilikuwa mita 1,000 mbele ya nyambizi. Torpedo ilihitaji sekunde 65 kuifikia njia hiyo. Katika sekunde hizo 65, meli ilisogea mita 333.

Meli nzima ilikuwa na urefu wa mita 120. Kwa hiyo torpedo ilipofika mahali lilipokuwa bomba la moshi, si bomba tu lililokuwa limeondoka: hata tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, ilikuwa imeshapita, na nyuma yake yalibaki maji matupu ya zaidi ya mita 270. Mcheza mpira analijua jambo hili kwa miguu yake. Winga anayekimbia hapigiwi pasi pale alipo. Hupigiwa mbele, kwenye nyasi ambazo hazina mtu. Kinachobaki kujua ni kimoja: mbele kiasi gani?

Pembetatu mezani

Chukua karatasi. Weka nukta upande wa chini, iite N, kwa nyambizi. Kutoka N chora mstari wa kwenda juu wenye sentimita 9, na mwisho wake uite K, mahali pa kukutana. Kutoka K chora mstari wa kwenda kulia, kwa pembe mraba, wenye sentimita 3, na mwisho wake uite M. Hapo M ndipo meli ilipo sasa. Meli itatoka M kwenda K. Torpedo itatoka N kwenda K. Tumechagua 9 na 3 kwa sababu torpedo ina kasi mara tatu ya meli, hivyo kwa muda ule ule hutembea mara tatu.

Sasa unganisha N na M, kisha weka kipimapembe kwenye N. Utasoma nyuzi 18 na kidogo. Hilo ndilo jibu tulilokuwa tunalitafuta. Nahodha aliyeielekeza omo, yaani sehemu ya mbele, ya nyambizi yake kwenye njia ya meli kwa pembe mraba huigeuza periskopu nyuzi 18 kwenda kulia, kule meli inakotokea, halafu hutulia. Meli ikigusa mstari wa kioo, hufyatua. Torpedo haiendi kule anakotazama. Huenda mbele yake, kwenye maji yasiyo na kitu, na meli huja yenyewe kwenye maji hayo.

Hapo mpwa wangu akauliza swali ambalo ndilo kiini cha somo zima. "Lakini Mjomba, umbali sijaupima. Kama si mita 1,000 je?"

Nikamwambia achore pembetatu nyingine, sentimita 6 kwa 2. Akapima: nyuzi 18. Achore ya 12 kwa 4. Akapima: nyuzi 18. Akaipima tena ya tatu, kama mtu asiyeamini macho yake.

Umbali umejifuta wenyewe. Meli ikiwa mbali mara mbili, torpedo huchukua muda mara mbili, na katika muda huo meli nayo husogea mara mbili. Pembetatu inakua, umbo lake halibadiliki. Kinachoamua pembe ya kulenga ni uwiano wa kasi ya meli na kasi ya torpedo, pamoja na uelekeo wa meli. Kwa nahodha hii ni neema kubwa, kwa sababu umbali ndicho kitu kigumu kuliko vyote kukipima kupitia jicho moja linalochungulia juu ya mawimbi. Kuna sharti moja tu: torpedo itoke ikiwa imenyooka. Ikiamriwa kukata kona baada ya kutoka kwenye neli, ile kona hula nafasi yake, na umbali hurudi kwenye hesabu. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hujisumbua kuigeuza nyambizi nzima ielekee njia ya meli, badala ya kuiachia torpedo kazi ya kugeuka.

Kabla hujaiweka karatasi kando, fanya jambo moja zaidi. Gawanya mstari wa torpedo vipande vitatu vya sentimita 3, na mstari wa meli vipande vitatu vya sentimita 1. Unganisha pale torpedo ilipo baada ya theluthi ya kwanza ya safari na pale meli ilipo wakati huo huo. Fanya hivyo tena kwa theluthi ya pili. Utapata mistari inayolala sambamba na ule wa kwanza wa N na M. Maana yake ni hii: ungekuwa umekaa juu ya torpedo ukiitazama meli, ungeiona pale pale, nyuzi 18 kulia kwako, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Ingezidi kuwa kubwa tu.

Kasi hupimwa kwa saa na uzi

Umbali umetusamehe, lakini kasi haisamehi. Nahodha ataijuaje kasi ya meli ambayo hajawahi kuiona?

Njia nzuri ni nyepesi mno. Kioo cha periskopu kina mstari wa wima, mwembamba kama uzi. Simamisha nyambizi, shikilia periskopu isicheze, na uiache meli ipite kwenye uzi huo. Omo ikigusa uzi, anzisha saa. Tezi ikiuacha uzi, simamisha saa. Katika muda huo meli imesogea urefu wake wote, si zaidi na si pungufu. Mchezo una kitabu cha kutambulia meli, chenye urefu wa kila aina na kimo cha milingoti yake, kama vile nyambizi za kweli zilivyokuwa na vitabu vyao. Ikiwa meli ina mita 120 na imechukua sekunde 24, basi inakwenda mita 5 kwa sekunde, ambazo ni noti 9.7.

Uzuri wake ni kwamba pembe ambayo meli imekaa haiharibu kipimo. Iwe imekupa ubavu au inakuja mshazari, omo yake inaugusa mstari ule ule ambao tezi itakuja kuuacha, na kati ya matukio hayo mawili imetembea urefu wake. Na ikiwa huwezi kusimama kabisa, nenda taratibu kule kule unakotazama. Ukitembea juu ya mstari wa macho yako, mstari hauhami.

Umbali nao, unapouhitaji, hupatikana kwa mlingoti. Kitu kilichoko mbali mara 57 ya kimo chake huonekana kwa pembe ya nyuzi 1. Mlingoti wa mita 30 ukionekana kwa pembe ya nyuzi 1, basi meli iko mbali mita 1,700 hivi. Kwenye mchezo hufanya hivyo kwa kuipandisha picha ya pili ya meli mpaka mstari wake wa maji uguse ncha ya mlingoti. Mawimbi yakiwa makubwa mkono hutikisika, na kosa dogo la pembe huzaa kosa kubwa la umbali. Ndipo unapoishukuru ile pembetatu isiyojali umbali.

Ubavu haudanganyi sana

Kimebaki kitu cha tatu, uelekeo wa meli. Tuite pembe ya omo: pembe kati ya mahali omo ya meli inapoelekea na mstari unaotoka kwenye meli kuja kwako. Meli inayokujia usoni ina pembe ya omo 0. Inayokupa ubavu wazi ina nyuzi 90. Pembe hii hukisiwa kwa macho, na macho hukosea. Mchezaji mgeni hukosea nyuzi 10 bila kujua.

Je, kosa hilo lina madhara gani? Hapa hesabu inatoa jibu ambalo mtu asingelitarajia: inategemea meli imekaaje.

Kinachoitoa meli kwenye mstari wa macho yako ni ile sehemu ya kasi yake inayokatiza mbele yako. Meli ya noti 10 ikikupa ubavu wazi, kasi yote 10 inakatiza. Ikiwa umekosea, umeiona kama iko nyuzi 80 kumbe ni 90, utadhani inakatiza kwa noti 9.8. Tofauti ni kama haipo. Kwa mita 1,000 torpedo itapotea mita 5 tu. Sasa chukua meli inayokuja mshazari, pembe ya omo nyuzi 30. Inakatiza kwa noti 5. Ukidhani ni nyuzi 40, utadhani inakatiza kwa noti 6.4. Kosa la jicho ni lile lile, nyuzi 10, lakini pembe ya kulenga imeharibika kwa karibu nyuzi 3, na torpedo itapita mbele ya omo bila kugusa kitu.

Ukitaka kulihisi jambo hili mwilini, tazama bembea. Ikifika juu kabisa husita, na kwa kitambo kidogo haiendi juu wala chini. Ikipita katikati huenda mbio. Sehemu ya kasi inayokatiza nayo hubadilika hivyo hivyo: meli ikiwa ubavu, badiliko limesita, meli ikiwa mshazari, badiliko linakimbia. Nahodha mwenye busara hungoja pale kwenye kusita.

Kila kosa lina mita zake

Sasa tunaweza kuupima ujinga wetu kwa mita, na huo ndio mwanzo wa maarifa. Tuseme umekosea kasi ya meli kwa noti 1. Torpedo ya noti 30 ikitembea mita 1,000, kosa hilo huwa mita 1,000 kugawa kwa 30, yaani mita 33. Meli ina mita 120. Ukilenga katikati una mita 60 kila upande. Umesalimika. Ukifyatulia mita 600, kosa la noti 1 ni mita 20 tu, na unaweza kukosea hata noti 2 na ushee. Ukifyatulia mita 3,000, kosa lile lile la noti 1 ni mita 100, na torpedo imepotea.

Kwa hiyo umbali, tuliodhani umefutika, umerudi kwa mlango mwingine. Hauhitajiki kujua pembe ya kulenga, lakini ndio unaoamua makosa yako yatakua kiasi gani. Karibu sana nako kuna kikomo: torpedo lazima itembee karibu mita 300 kabla fyuzi yake haijawa tayari, ili nyambizi isijilipue.

Torpedo ya kasi zaidi hupunguza kosa. G7a ya Wajerumani, iliyotumia mvuke, iliweza kwenda noti 44, na kwake kosa la noti 1 kwa mita 1,000 ni mita 23 badala ya 33. Lakini iliacha mstari mweupe wa mapovu juu ya maji, na mchana baharia mwenye macho aliweza kuuona na kuugeuza usukani. Ile ya umeme ilikuja polepole, haikuacha alama. Kila chaguo lilikuwa na bei yake.

Njia nyingine ni kufyatua torpedo mbili au tatu zilizotawanywa kidogo. Nyuzi 1 ya pembe kwa mita 1,000 ni mita 17. Nahodha anayejua kwamba kosa lake la kasi ni noti 2 hivi anaweza kuhesabu atawanye kiasi gani ili moja kati ya tatu ipate. Anayetawanya bila kujua kosa lake anatupa torpedo tu, na nyambizi ya aina ya VIIC ilibeba torpedo 14 kwa safari nzima.

Kufika kabla ya meli

Mpwa wangu alipoelewa haya alirudi kwenye mchezo, akaiona meli, akaifukuza akiwa chini ya maji. Haikuchukua muda ikamwacha.

VIIC ilikwenda noti 17 ikielea, kwa injini za dizeli. Ikizama ilitegemea betri, na hata kwa kujikamua haikufika noti 8, tena kwa muda mfupi. Tuseme unakwenda noti 5 chini ya maji na meli inakwenda noti 10. Chora tena pembetatu ile ile, ila sasa nyambizi yenyewe ndiyo torpedo, na ni torpedo ya polepole kuliko shabaha yake. Ukiichora kwa subira utagundua kwamba unaweza kuifikia njia ya meli kwa wakati ikiwa tu uko mbele yake, ndani ya nyuzi 30 kila upande wa omo. Ukiwa nje ya kabari hiyo, jitahidi utakavyo, meli itakupita. Ikiwa uko pembeni ya tezi yake, usijisumbue.

Basi hufanywaje? Nahodha hujitenga mpaka asionekane, huelea, na kuizunguka meli kwa noti 17. Kwa kila saa humpita mwenzake maili 7. Baada ya saa kadhaa yuko mbele sana. Hapo huzama, hugeuza omo kwenye njia ya meli kwa pembe mraba, husimama, na kungoja. Watu wengi hudhani shambulio la torpedo ni ile sekunde ya kufyatua. Kazi yote ilifanyika kabla, kwenye saa hizo za kuzunguka, kuchora ramani na kusahihisha.

Meli nazo zilijifunza hesabu hiyo hiyo kutoka upande wao. Ndiyo sababu misafara ilikwenda kwa kupindapinda, ikibadili uelekeo kila baada ya dakika kadhaa. Pembetatu hudai uelekeo na kasi visibadilike mpaka torpedo ifike. Meli ikigeuka katikati ya sekunde zile 65, pembetatu imevunjika.

Hesabu sahihi, chuma kibovu

Yote haya yanadhani kwamba torpedo inafanya ilichoamriwa. Wamarekani walilipa ghali kujua kwamba ya kwao, Mark 14, haikufanya. Manahodha walirudi wakisema wamelenga sawasawa na hawakuona mlipuko, na wataalamu wa torpedo wakawaambia wamekosea kulenga. Mwezi Juni 1942, karibu na Albany huko Australia Magharibi, wanamaji walitandaza wavu wa kuvulia samaki baharini, wakafyatua torpedo kupitia wavu huo, kisha wakapima matundu. Torpedo zilikuwa zikipita zaidi ya mita 3 chini ya kina zilichowekewa. Zilipita chini ya meli bila kuzigusa.

Ubovu haukuishia hapo. Tarehe 24 Julai 1943 nyambizi yao Tinosa iliisimamisha meli kubwa ya Kijapani, Tonan Maru Na. 3. Nahodha Dan Daspit akajiweka ubavuni, pembe mraba, shabaha imesimama, makosa yote yamefutwa. Akafyatua moja baada ya nyingine. Ziligonga, hazikulipuka. Akaacha kufyatua, akaibakiza torpedo moja na kuirudisha kituoni Pearl Harbor ikachunguzwe. Majaribio yaliyofuata kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe, na ya kuzidondosha torpedo kutoka juu ya winchi, yalionyesha kwamba pini ya kilipuzi ilipinda hasa pale torpedo ilipogonga kwa pembe mraba. Ilipogonga mshazari, ilifanya kazi. Pembe ambayo hesabu iliipenda ndiyo pini iliyoiogopa.

Nikamwambia mpwa wangu: nahodha alikuwa na hesabu, mtaalamu alikuwa na cheo, lakini kilichomaliza ubishi ni wavu wenye matundu. Silent Hunter III ina sehemu ya kuruhusu torpedo mbovu. Siku zote nampa ushauri aiwashe.

Waliokuwa upande wa M

Usiku ulikuwa umekwenda. Mpwa wangu aliipata meli yake hatimaye, kwa torpedo moja, kutoka mita 700, baada ya kungoja karibu robo saa bila kugusa kitu. Alishangilia. Nami nilifurahi naye, kwa kuwa alikuwa ameifikia kwa akili yake mwenyewe. Kisha nikamwambia kuna meli moja ambayo lazima aijue.

Februari 1944 msafara uliopewa jina KR 8 uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Ndani yake ilikuwamo Khedive Ismail, imebeba watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa wanajeshi wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Manowari Petard na Paladin, zilizousindikiza msafara, ziliisaka nyambizi ile huku manusura wakiwa bado wanaelea, na mabomu ya kulipukia chini ya maji yalidondoshwa karibu nao. Nyambizi ilipolazimika kuibuka, Petard iliifyatulia torpedo moja baada ya nyingine. Ya saba ndiyo iliyoizamisha.

Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mjomba, kwa hiyo wao walikuwa hapa." Akaweka kidole juu ya M.

"Hapo hapo."

Akaigeuza karatasi ili M iwe upande wake. Akauliza: mtu aliyeko hapa, anayejiwa na kitu kwa mstari ulionyooka, angejuaje kwamba kinakuja kumgonga? Nikamwambia azitazame zile alama tulizozigawanya kwa theluthi. Akaufuata kila mstari kwa kidole, safari hii kutoka kwenye meli kwenda kwenye torpedo. Ilikuwa mistari ile ile, nayo ililala sambamba.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinasema jambo hilo hilo kwa lugha ya sheria: chombo kinachokukaribia, kama uelekeo wake kwenye dira haubadiliki vya kutosha, hesabu kwamba mnaweza kugongana. Nahodha wa boti ya Unguja hahitaji kompyuta kulijua. Hutazama taa ya chombo kingine dhidi ya nguzo ya boti yake. Taa ikisogea mbele ya nguzo au nyuma yake, wanapishana. Taa ikibaki pale pale kwenye nguzo, na inazidi kuwa kubwa, basi hageuzi macho, anageuza usukani.

Wiki iliyofuata tulivuka pamoja kwenda Unguja. Mpwa wangu alisimama karibu na nguzo ya mbele, jicho moja amelifumba, akilitazama jahazi moja lililokuwa likija kutoka upande wa kulia.

"Linasogea nyuma, Mjomba," alisema baada ya kitambo. "Tutapishana."

Tukapishana.